Breki za Lori la Kijiji

Athanas, rafiki yangu aliyekuwa dereva wa lori la kijiji kule Robanda, si mtu wa uongo. Mwaka wa Operesheni Vijiji alihamisha watu kwa lori hilo, jamaa zake wakiwemo. Kaburi la mkewe Nyangi lilibaki kwenye mahame, makazi ya zamani waliyoyaacha, pamoja na jiwe lake la kusagia. Athanas alisema jiwe ni zito, atalifuata siku nyingine.

Hakulifuata. Wakati wa mavuno alipita pale na magunia ya pamba, na tangu hapo gurudumu la nyuma likawa linakwaruza kila akikanyaga breki. Jioni alipoegesha nyumbani, mama yake asiyeona aliita kutoka ndani, "Athanas, nani anasaga ulezi? Anasaga kama Nyangi."

 Athanas akapiga jeki, akatoa gurudumu, akavuta dramu ya breki akitegemea kukuta bitana za breki zilizolika na vumbi jeusi la chuma. Bitana zilikuwa nzima. Ndani ya dramu mlikuwa na unga wa ulezi, laini kama ule ambao Nyangi alikuwa akimsagia mama wa uji. Ulikuwa umesogezwa upande mmoja kwa kiganja, na alama za vidole bado zilionekana.