Mate ya Shangazi

Midomo ya mwanamke wa kwenye picha ilikuwa imelowa.

Fundi saa aliipangusa kwa kidole, akanusa kidole, akakunja uso. Harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka bila kusukutua.

Ukuta mzima wa sebule yake ulijaa picha za kale za watu asiowajua, kaziokota minadani na kwa wauza takataka, na aliyemcheka alijibiwa, "Wewe una ndugu wangapi? Mimi nina ukuta mzima." Kila uso alikuwa kaupa undugu. Mwenye masharubu alikuwa mjomba, mapacha wenye kofia mabinamu, na huyu mpya, mwenye midomo iliyofumbwa kama mkoba wa bahili, alikuwa shangazi.

Dawa ya kuwasafishia? Mate. Pamba anailowesha mdomoni, anasugua uso taratibu mpaka taka za miaka zinatoka, kisha, mchafu yule, pamba ileile anairudisha mdomoni na kumeza.

"Shangazi yako ananuka," mkewe alisema.

"Mzoee. Ndugu ni ndugu."

Lakini kinywa cha fundi kilianza kukauka hata tonge likakataa kuteremka, na kadiri kilivyokauka ndivyo picha ilivyolowa. Ute wa manjano ulichuruzika kwenye fremu ukamshukia mjomba masharubuni, inzi wakajaa.

Adhuhuri moja binti yao mdogo aliamka uso unang'aa kwa ute.

"Nani kakupaka haya, mama?" mkewe fundi aliuliza.

"Bibi yule." Mtoto alionyesha ukutani. "Anasema nina uchafu."

Mama alimpangusa, kisha mkono ukasimama. Nyusi moja haikuwepo. Haikunyolewa, palikuwa laini tu, kama hapajawahi kuota kitu.

Fundi aliibeba picha akaitupa shimo la taka. Kesho yake mtoto alipolala mchana, mama alikaa kitandani kamshika mikono, mlango umekomewa, akasikia kitu kikilamba, kama paka kwenye kisahani, akaona shavu la mwanawe likibonyea bila mguso wa mtu, kutoka kidevuni likipanda polepole, na kila kinapopita ngozi inabaki na unyevu na ile harufu ya kinywa kibichi, mpaka kikafika puani, na pua ya mtoto ikaanza kushuka kama sabuni inayoisha. Sebuleni, shangazi alikuwa amerudi kwenye msumari wake.

Mganga aliyeitwa, mama mnene asiye na haraka, aliitazama picha akaziba pua.

"Jini huyu hana sura, hiyo kaazima. Wewe ukamwita shangazi, ukamlisha mate. Ulitaka akalale gesti?"

"Tumfanyeje, mama?" fundi alinong'ona.

"Mate yako yatoe ulikoyaweka. Mlambe mpaka akauke, uteme kwenye majivu. Usimeze hata tone."

Akalamba. Ute ulikuwa wa vuguvugu, mzito kama makohozi, una vinyweleo vilivyomng'ang'ania kwenye meno, na alipotapika mganga alisema, "Endelea," akaendelea, analamba na kutema, mkewe kashika beseni huku kageuza shingo, hadi likabaki tone moja mdomoni mwa shangazi. Akalilamba.

"Baba," mtoto aliita kutoka chumbani.

"Naam, mwanangu," fundi aliitika kabla hajatema.

Kwenye fremu palibaki karatasi nyeupe. Mganga akamwaga majivu, akapokea chake, akaondoka. Jioni nyusi ilikuwa imerudi, na pua iko palepale pake, mama akalia kwa furaha, akampa mtoto maziwa.

Povu la maziwa likamganda mtoto kidevuni. Fundi aliliona. Akatia kidole gumba mdomoni, akakitoa kikichuruzika ute hadi kwenye kiwiko, akamvuta binti yake karibu.

"Una uchafu," alisema, kisha akaifumba midomo, ikakunjamana kama mkoba wa bahili.