Swali la Muhadhara Ujao

Kanali mstaafu alijibu swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza.

Alikuwa amemaliza kuzungumza juu ya ulinzi wa mipaka. Watu walikuwa wameuliza, naye amewajibu kwa mkato, kijeshi. Kisha akageukia safu ya mbele, upande wa kushoto, palipokuwa na kiti kitupu chini ya ramani ya zamani, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa sauti ya chini. "Tumefika, mwanangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Pumzika sasa."

Wasikilizaji walidhani ni namna yake ya kumalizia. Wakapiga makofi.

Mkutubi mkuu, aliyekuwa akiongoza kikao, alinusa spiriti ya hospitali. Alifikiri mfanya usafi amebadilisha dawa ya sakafu. Alishukuru wageni, akafunga kikao, akaanza kukunja viti.

Maktaba ile ya historia ilikuwa na vitabu vingi na wasomaji wachache. Ili milango isije ikafungwa, mkutubi alianzisha mihadhara ya wazi ya Jumamosi alasiri, kuhusu siasa na ulinzi wa taifa, na watu wakaja: wastaafu waliotaka kubishana, wanafunzi waliotumwa na walimu wao, na wengine ambao, kwa maneno ya fundi wa sauti, walifuata feni. Mkutubi alikuwa amefiwa na mkewe, hospitalini. Hakulia mbele ya watu. Alikula, alioga, alipiga pasi mashati yake mwenyewe, na alikuwa amegundua kwamba siku yenye viti vya kupanga hupita.

Jumatatu fundi wa sauti alimwita chumbani kwake. Alikuwa kijana mwembamba sana, na kila mtu alimwita Waya. Alimsikilizisha mwisho wa muhadhara: kikohozi, kiti kikisogezwa, kisha ukimya mrefu, kisha sauti ya kanali.

"Mzee, huyu kajibu hewa," Waya alisema.

"Uzee huo."

"Mimi babu yangu mzee kuliko yeye, na bado hajibu mpaka umuulize mara tatu."

Mkutubi aliuliza kama na yeye alinusa dawa ya hospitali siku ile. Waya hakunusa kitu. Wazazi wake wote walikuwa hai, na mababu na mabibi wa pande zote mbili, na alikuwa hajawahi kubeba jeneza.

Baadaye wiki ile mke wa kanali alikuja maktabani, akakaa ofisini na mkoba wake mapajani. Alieleza kwamba ukutani kwao kulikuwa na picha ya askari kijana. Vitani, mumewe alimbeba kijana yule mgongoni kutwa nzima, na njia nzima kijana aliuliza swali moja tu, kama wamefika. Alikufa kabla hawajafika. Kanali aliwasimulia wajukuu kisa hicho mpaka wakawa wanapiga miayo kabla hajaanza. Sasa ameishusha picha, na amemuuliza mkewe kwa adabu kabisa kama huyo ni ndugu wa upande wake.

Mkutubi aliuliza kama wamemwona daktari. Wamemwona. Mambo mengine yote anayakumbuka, hata namba ya bunduki yake.

"Na analala vizuri kuliko zamani," mwanamke akasema. "Hilo ndilo linaloniogopesha."

Mkutubi alimsindikiza mpaka mlangoni. Alisema pole, akarudi kupanga ratiba.

Muhadhara uliofuata ulitolewa na mwanasheria wa katiba, juu ya nani mwenye mamlaka ya kutangaza vita. Ulikuwa mzuri, na maswali yalikuwa mengi kuliko muda. Mkutubi alikuwa na desturi aliyojivunia: katika ukumbi wake hakuna swali lililokataliwa. Muda ukiisha na mikono bado iko juu, alikuwa akisema maneno yale yale kila mara, kwamba swali limepokelewa na mzungumzaji wa muhadhara ujao atalijibu. Ndivyo watu walivyorudi Jumamosi nyingine.

Alikuwa anatazama saa ya ukutani aliposikia, kutoka kwenye kiti kilicho chini ya ramani, sauti ya mkewe.

"Umefunga mlango?"

Haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa ni yake, yenye usingizi, kama alivyouliza kila usiku wa ndoa yao akiwa ameshageukia ukuta na shuka limefika shingoni, swali ambalo mume hulijibu bila kufikiri, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno yake. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, macho yalikuwa kwenye saa, na mazoea ya kazi yakayatangulia mazoea ya nyumba.

"Swali lako tumelipokea," alisema. "Mzungumzaji wa muhadhara ujao atalijibu."

Wasikilizaji walikitazama kiti kitupu, kisha wakamtazama yeye. Spiriti ilinuka mpaka macho yakamwasha.

Mzungumzaji wa muhadhara ujao alikuwa binti yake.

*

Shangazi wa marehemu mkewe alikuwa mganga wa kutoa watu majini tangu alipokuwa msichana. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, ila ulimi ulikuwa haujafifia. Alimsikiliza mkutubi mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulimi hauna mfupa, mkwe," akasema. "Wengine hukutana na jini wakakimbia. Wewe umelipangia ratiba."

Alimweleza kwamba vitu vya namna ile havina sauti yao. Hukaa mahali watu wanapozoea kuuliza na kujibiwa, na huazima sauti ya marehemu wa kila mtu, na huuliza lile swali ambalo marehemu aliuliza kila siku, kwa sababu hilo hujibiwa kabla akili haijaamka. Asiye na marehemu halisikii. Anayelijibu hudhulumiwa marehemu wake. Hafi, haumwi. Anaachwa na kaburi ambalo hajui ni la nani.

Mkutubi aliuliza kama anaweza kuahirisha muhadhara.

"Uahirishe. Litamfuata binti yako nyumbani. Umeliahidi jibu lake mbele ya watu."

"Sikutaja jina lake."

Shangazi aligeuza uso wake kuelekea mahali mkutubi alipokuwa amekaa, ingawa hakuweza kumwona vizuri. "Ulisemaje?"

"Nilisema mzungumzaji."

"Basi atakayesimama kuzungumza ndiye," akasema taratibu. "Fikiri vizuri kabla hujasimama, baba. Ubani wangu unafukuza. Haurudishi."

Binti alikuwa mwalimu wa siasa chuoni. Baba yake alimweleza kila kitu mezani, kwa mpangilio, kama anavyotoa taarifa ya mwezi. Alitarajia atacheka. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja, kama sauti ilikuwa ya mama kweli.

"Ilikuwa yake."

"Basi mimi nitakwenda, baba. Hata kama ni mara moja."

"Ukimjibu utampoteza."

"Nimeshampoteza. Wewe unapanga viti, mimi nafanya nini?" Alisema kwa sauti ndogo, bila ukali. "Kwangu alikuwa akiuliza kama nimefika. Kila nikisafiri. Simu ikilia mpaka leo nadhani ndiye. Nikimsikia, nitamjibu, sikudanganyi."

Mkutubi alikusanya vyombo, akaviosha. Alimjua binti yake. Alichukua karatasi za muhadhara ambazo binti alikuwa amempa azipitie, akazisoma zote akiwa amesimama jikoni, na alizirudia tena mpaka akajua wapi pa kuvuta pumzi.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Binti alikaa safu ya mbele, upande wa kulia, akisubiri kukaribishwa. Mkutubi alipanda jukwaani, akawasalimu watu, akataja mada: ulinzi wa taifa huanzia wapi. Kisha, badala ya kumwita binti yake, alifungua karatasi na kuanza kusoma.

Minong'ono ilipita. Waya alitoa kichwa chake nyuma ya mitambo. Binti alisimama nusu, akakaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyepiga. Baba hakumtazama. Alisoma kwamba adui wa kwanza wa taifa ni usahaulifu, kwamba ngome huangushwa na mlinzi aliyezoea, na sentensi zilikuwa nzuri, na mahali fulani katikati ya ukurasa wa mwisho alijivunia mtoto wake, jambo ambalo hakuwa amelihisi kwa muda mrefu.

Alipouliza kama kuna maswali, hakuna mkono uliopanda. Feni zilizunguka. Harufu ilianza chini, kwenye sakafu, spiriti na pamba na ile sabuni ya hospitali isiyotoa povu, ikapanda taratibu kama maji yanavyopanda chumbani, ikafika magotini, ikafika kifuani, na mzee mmoja safu ya pili akaziba pua na mama mmoja nyuma akaanza kulia bila kujua sababu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ananusa kifo cha nyumbani kwake, na kiti kilicho chini ya ramani kikalia kama mbao inavyolia mtu anapoegemea, na mkutubi akaona, ingawa hapakuwa na mtu, kwamba kitambaa cha kiti kimebonyea, kwamba kimebonyea zaidi upande mmoja kama alivyokuwa akikaa mkewe baada ya nyonga kuanza kumsumbua, na akajua kwamba kitu kile kilikuwa kimemsoma mpaka huko, mpaka kwenye nyonga, na kwamba hakikuacha hata kimoja.

Upande wa kulia binti alikuwa amefumbua mdomo. Midomo yake ilikuwa inatafuta neno.

"Umefunga mlango?" mkewe aliuliza.

Mkutubi alikiweka kipaza sauti karibu ili amtangulie binti. Alitaka kusubiri kidogo, asikie swali tena, mara moja tu. Hakusubiri.

"Nimefunga," alisema. "Lala."

Kitambaa cha kiti kikainuka.

Aliwashukuru watu kwa kuja. Alisema mihadhara itaendelea mwezi ujao na kwamba safari hii maswali yote yamejibiwa. Waya alieleza baadaye kwamba sauti ya mzee ilikuwa safi kabisa, haikutetemeka popote, na kwamba alizima mitambo kwa sababu hakutaka kuisikia tena.

Binti alimkuta baba yake akikunja viti. Alimshika mkono.

"Sikuwahi kumjibu," alisema. "Ulinitangulia."

"Nani?" mkutubi aliuliza.

*

Shangazi alikuja kufukiza ukumbi. Alizunguka na chetezo akiongozwa na Waya, akasimama mbele ya kiti kile, akasema hakuna kitu. Lililokuja limeshiba. Waya aliuliza kama litarudi. Shangazi alimjibu kwamba aliyeshiba leo ataona njaa kesho, na akamwambia apeleke kiti kile nje wakakichome.

Mkutubi alinenepa kidogo. Alilala usiku mzima. Wageni walisema amepata nafuu, na yeye alikubali kwa adabu, ingawa hakujua alikuwa akiumwa nini. Kabatini alikuta nguo za mwanamke, akampigia simu binti yake aje achukue nguo zake. Binti alikuja. Hakuzichukua. Aliketi mezani mbele ya baba yake, kukiwa bado na mwanga wa jioni dirishani, akaanza kumsimulia mama: alivyocheka kwa pua, alivyokataa kujifunza baiskeli, alivyokuwa akiweka redio juu ya friji na kugombana na mawaziri kana kwamba wanamsikia. Alisimulia mpaka sauti ikamkauka. Mkutubi alisikiliza kwa makini, mikono imefumbatwa, kama msikilizaji mzuri wa safu ya mbele. Alipoona ametua, aliinua mkono.

"Alikuwa akinipenda?"

Binti alikuwa tayari kujibu. Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Kisha akalishikilia hapo, akainama mbele katika mwanga uliokuwa unapungua, akaitazama midomo ya baba yake ili aone kama swali linatoka humo, na kumwomba aulize tena.