Bibi Harusi Mwenye Pua ya Bata

Siku ya soko, mji wa Brugge hauna adabu. Wouter, dalali wa sufu, kijana wa viatu vyenye ncha na kofia nyekundu iliyokaa upande, alirudi nyuma kumpisha mtu wa mapipa akakanyaga kikapu cha Kateline.

"We kaka, hayo ni macho au vifungo?"

"Samahani, dada. Ni kome tu, nitakununulia wengine."

"Nani kakwambia nataka kome? Nataka makombe yao, ndimo ninamotia rangi!"

Kateline alichora vitabu vya sala katika karakana ya mjomba wake, na vumbi la dhahabu halikumtoka vidoleni. Wouter alipoviona vidole hivyo, kwisha habari yake. Ikawa hapiti karakanani bila sufuria ya kome wa kuchemsha. Wanakula wote, wanataniana, kisha yeye anaondoka akichekelea peke yake njiani na Kateline anabaki na makombe. Kateline akampenda kwelikweli, ila akangoja mwanamume aseme kwanza.

Badala ya kusema, Wouter akaagiza kitabu.

"Cha nani?" Kateline aliuliza.

"Cha mwanamke nitakayemwoa. Mchore amepiga magoti mbele ya Bikira Maria. Sura nakuachia wewe."

Kateline alizifunua kurasa za kalenda ya sikukuu za watakatifu, ambazo mwandishi alikwisha kuzimaliza, moyo ukampasuka. Mtakatifu Bavo alikuwa ameandikwa kwa wino mwekundu, ule wa mtakatifu mkuu wa mji. Watu wa Brugge wino mwekundu humwekea Donasiano wao. Bavo ni wa Gent, mji wa jirani. Mchoraji yeyote humjua mwenye kitabu kwa watakatifu wake. Kumbe Wouter anaoa binti wa Gent!

Kwa wivu akamvika binti huyo gauni zuri la buluu, halafu akampachika pua ya bata. Pembeni akachora nyani mwenye kofia nyekundu.

Wouter alipokuja, aliutazama ukurasa akaangua kicheko.

"Unacheka nini?" Kateline alifoka. "Mpelekee mpenzi wako huko Gent!"

"Gent nikafuate nini, naye yuko hapa amenuna?"

"Nani amenuna?"

"Kateline, wewe ulizaliwa wapi?"

"Gent," Kateline alijibu polepole. Aliletwa Brugge akiwa mtoto, mama yake alipofariki, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

"Mjomba wako aliniambia unawachorea wenzako vitabu mwaka hadi mwaka, na wewe huna hata kimoja," Wouter alisema. "Nikataka ukifungua chako umkute mtakatifu wa kwenu."

"Mjomba! Ulijua?"

Mjomba akajikohoza nyuma ya rafu, akatoka nje bila kofia.

"Nipe kisu niikwangue hiyo pua," Kateline alisema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Thubutu! Iache hapo hapo. Wajukuu wakiuliza, nitawaambia bibi yao alikuwa na wivu."

"Na nyani je?"

"Huyo ndiye babu yao. Utakubali kuolewa naye?"

Kateline alichovya kidole kwenye kombe la kome lililotiwa rangi ya dhahabu, akampaka Wouter puani.

"Nitaolewa naye."