Santuri ya Mwisho ya Kina Rekodi

Saa tatu na dakika thelathini na mbili, asubuhi ya Ijumaa, Twaha alitoka uani mbio akija getini, mikono imelowa damu hadi viwikoni.

"Dada Jeru! Njoo! Levis wamemuua!"

Jerusha, mlinzi wa zamu, aliitazama saa kwanza, kama alivyofunzwa, ndipo akakimbia.

Nyumba ile ya Muaither, mtaa wa ugenini katika nchi ya Waarabu, ilikuwa ya wapangaji, watu wa Afrika Mashariki watupu. Chumba kimoja cha uani Levis, mtu wa Kakamega, alikuwa amekigeuza studio. Humo ndimo ilimozaliwa Kina Rekodi, lebo ndogo ya muziki wa dramu za mbio na besi nzito, isiyo na mfadhili wala bosi, ambayo santuri zake zilifika hadi Ulaya. Kuta zilifunikwa sponji, na mlango ulikuwa mnene kama wa friji ya bucha. Hata saa ya ukutani haikuwemo. Levis aliitupa nje mwaka uliotangulia kwa kosa la kutoa tiki-tiki wakati yeye anasikiliza.

Sasa alikuwa kitini, kichwa kimelala juu ya meza ya mitambo, kisogo kimebonyea. Sakafuni palikuwa na kitako cha chuma cha stendi ya maikrofoni, kimefutwa kikafutika. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa hadi mwisho, na mwili ulikuwa baridi kama chumba chenyewe. Darini, kengele ya moshi ilitoa mlio mmoja mkali wa betri inayokwisha, ikanyamaza, ikalia tena. Jerusha alimgusa shingo tu, kitu kingine hakugusa. Alifunga mlango akawapigia polisi.

Kitabu cha geti kilisema wazi. Asubuhi ile wapangaji wengi walikuwa kazini au wamekwenda makanisani Mesaimeer, maana huko ibada ni Ijumaa. Dominiko aliingia saa mbili kasoro ishirini, akatoka saa tatu na dakika kumi. Twaha aliingia saa tatu na dakika ishirini na tano. Aliyekuwamo ndani asubuhi nzima ni Olivia tu, mpangaji kutoka Uganda aliyeiimbia lebo. Simu ya Levis nayo ilikuwa na ujumbe kwa Twaha, wa saa tatu kasoro kumi: "Njoo tumalize ya jana."

Ya jana yalijulikana na nyumba nzima. Alhamisi jioni Twaha, mtunga dramu wa lebo, alimfokea Levis uani.

"Unaiua sauti yetu! Dunia inatujua kwa ukali ule, wewe unaturudisha shimoni!"

"Santuri hii inarudi chini," Levis alijibu, "na ukitaka kutoka, mlango si wa chuma."

Kufika adhuhuri Twaha alikuwa amekwisha kuchukuliwa, akiapa kwamba alimkuta Levis amekufa na damu ilimshika akimwinua.

"Kitabu chako ni kizuri," Luteni wa upelelezi alimwambia Jerusha kwa Kiingereza. "Kimetusaidia sana."

Sifa hiyo ilimchoma. Kesi ilikuwa ya roho ya mtu, na mwandiko uliomfunga Twaha ulikuwa wake. Alimjua Twaha miaka minne: domo kubwa, lakini panya akiingia chumbani humfukuzia nje asimkanyage. Kama kitabu kilisema kweli na Twaha naye alisema kweli, basi palikuwa na mtu wa tatu aliyesema uongo.

Jumamosi saa kumi jioni Dominiko alifika getini kuuliza kama chumba kimefunguliwa. Alitaka mashine zake. Alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, fundi wa kuchanganya sauti wa Kina tangu santuri ya kwanza. Siku za kazi aliendesha foklifti kwenye karakana ya kukata marumaru. Alikuwa na tabia ya kukutazama mdomoni unaposema naye.

"Pole, kaka Domi."

"Tumeshapoa, dada. Kazi ya Mungu."

"Mungu hapigi watu kwa stendi." Jerusha alifungua kitabu. "Ulikaa naye saa moja na nusu. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunasikiliza santuri mpya. Mara nne, tano, mwanzo mpaka mwisho. Unamjua Levis, hata kukohoa ilikuwa kesi. Nimemwacha mzima, akaniambia Twaha anakuja."

"Hakuna kilichowasumbua?"

"Hata inzi. Olivia tu alileta chai, saa mbili na nusu hivi." Ghafla akainua kichwa. "Lori la maji hilo linakuja."

Jerusha hakusikia lori lolote. Dakika nzima ilipita ndipo likakata kona.

"Masikio unayo, kaka."

"Ndiyo jembe langu, dada."

"Na hii sauti mpya uliipenda?"

"Mimi ni fundi tu. Nachanganya ninacholetewa."

Jioni ile, kitandani, Jerusha alivaa spika za masikioni akazisikiliza santuri zote za Kina kwa mpangilio. Levis alikuwa akimtumia kila moja, naye kila mara alimjibu kwamba hayo ni makelele. Zile za mwanzo besi ilitambaa kama gari zito barabara ya mbali, dramu kavu juu yake. Kuanzia ya tano, matoazi yalianza kupanda. Ya saba yalikuwa kama misumari. Ya nane ilimfanya azivue spika. Huo ndio ukali Twaha aliokuwa akiupigania, ukali ambao wapenzi wa ng'ambo waliuita sauti ya Kina, na wengine wakauiga.

Ya mwisho, ambayo ilikuwa bado haijatolewa, ilikuwa laini tena, kila kitu mahali pake. Alisoma maelezo yake. Santuri nane za kwanza ziliandikwa: mchanganyo, Dominiko. Hii iliandikwa: mchanganyo, Levis.

Basi Dominiko hakuletewa kitu achanganye. Alinyang'anywa.

Jerusha alimkumbuka shangazi yake wa Vihiga, aliyepotewa na ladha ya ulimi uzeeni. Kila mwaka mboga zake zilizidi chumvi, na kila mwaka alilalamika kwamba chumvi ya siku hizi haikolei. Alilala na wazo hilo, usingizi usije.

Jumapili saa moja asubuhi alimkuta Olivia akifua.

"Olivia, hii santuri mpya Levis aliondoa sauti yako ya kuimba. Ulikasirika?"

"Nilikasirika! Lakini mimi nikikasirika nalia, dada. Siui mtu."

"Ijumaa ulimwona akiwa hai?"

"Niliona mgongo, kwa kiti. Dominiko alifungua mlango kidogo, akachukua vikombe viwili. Ndiyo niliambia polisi."

"Mlisemezana?"

"Mimi nilisema, hiyo kitu ya juu inalia, itawapasua kichwa, mbona hamtoi? Yeye akasema asante tu, akafunga."

Jerusha alishika ukingo wa karai. "Saa mbili na nusu kengele ilikuwa inalia?"

"Eeh! Tii! Inaingia kwa sikio kama sindano."

Siku hiyo hiyo, saa nne, Luteni alikubali kumpa dakika kumi. Chumbani waliingia wanne: Luteni, mkalimani wake, Jerusha na Dominiko, aliyeambiwa aje aonyeshe mashine zake. Damu ilikuwa imekauka mezani.

"Kaka Domi, chumba kiko kama ulivyokiacha Ijumaa?"

"Vilevile."

Kengele ikalia. Mkalimani akakunja uso.

"Na kimya kilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi kabisa."

Jerusha akangoja. Nusu dakika ikapita, kengele ikalia tena, na safari hii Luteni aliinua macho darini. Dominiko aliona macho yanainuka, akayafuata. Aliitazama ile taa ndogo nyekundu ikimeta, na rangi ikamtoka usoni.

"Nini?" aliuliza. "Mnatazama nini?"

"Inalia, kaka. Imekuwa ikilia tangu Ijumaa saa mbili na nusu. Olivia aliisikia mlangoni. Wewe unasema mlikaa hapa hadi saa tatu na dakika kumi mkisikiliza muziki. Levis, aliyetupa saa kwa ajili ya tiki-tiki, angestahimili mlio huu dakika arobaini asipande kiti kuizima? Hakupanda kwa sababu alikuwa amekwisha kufa. Na aliyekuwa hai humu ndani hakuusikia. Wewe besi ya lori unaisikia kabla yangu. Ni sauti za juu ndizo zimekufa masikioni mwako, na kila santuri uliongeza ukali ili uusikie."

Mkalimani alinong'ona kwa Kiarabu. Dominiko alikaa chini sakafuni, polepole.

"Mwezi wa tatu niligonga mtu karakana," alisema. "Mnepali. Filimbi ilipigwa, wote waliisikia isipokuwa mimi. Walimkata mguu. Nikaapa kwamba filimbi haikupigwa, wakamrudisha kwao mpiga filimbi."

"Levis alijuaje?"

"Santuri zilimwambia. Akaniuliza, nikakiri kwake kama kwa ndugu. Akanipa mpaka leo Jumapili. 'Nenda ukajiseme, Domi, kabla hujaua mtu. Usipokwenda, nakwenda mimi.' Nikamsihi. Nina watoto watatu, na fundi wa sauti asiyesikia ataajiriwa na nani? Akanigeuzia mgongo akaweka ule wimbo. 'Sikiliza, kisha niambie matoazi yako wapi.'" Alifumba macho. "Hayakuwepo, dada. Kwangu hayakuwepo. Nikashika stendi."

"Na ujumbe kwa Twaha?"

"Nilifungua simu kwa kidole cha marehemu. Nilijua kitabu chako hakiachi mtu. Nilikitegemea."

"Kwa hiyo Twaha naye awe kama yule wa filimbi."

Luteni alimwinua, akamfunga pingu. Mlangoni Dominiko aligeuka akautazama mdomo wa Jerusha.

"Ule wimbo," alisema. "Huko juu ukoje?"

Jerusha alitaka kumnyima jibu. "Mzuri," akasema.

Twaha aliachiwa Jumatatu alasiri. Alishuka kwenye gari amevaa kandambili za kuazima, ndevu zimemwota, akasimama getini bila kusalimu. Jerusha alimweleza yote, naye alisikiliza akitazama chini.

"Ule ukali niliupenda," alisema. "Nilimtukana Levis kwa ajili yake."

"Ingia ulale, Twaha."

Hakutikisika. "Mama yake Kakamega ameambiwa?"

"Aliambiwa Ijumaa."

"Aliambiwa nini?"

"Kwamba ni wewe."

Twaha alifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mkono.

"Nipe simu."