Gongo Jipya la Mzee wa Nguo Nyeupe

Fundi Taratibu alikuwa ameshafunga dirisha moja la karakana, bado moja, atoke akanunue mkate aende nyumbani. Jua limezama, taa za barabarani hazijawaka. Hilo Taratibu si jina la kuzaliwa. Walimbandika wachezaji wa kriketi, maana ukimpelekea gongo jipya la kupigia mpira alitayarishe, utalisubiri mpaka ulisahau. Lakini gongo lililopita mikononi mwake halipasuki, na hapo hata waliokuwa wakimsema walinyamaza.

"Hodi."

Hakuwa amesikia hatua.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, kavaa nguo nyeupe za kriketi toka juu mpaka chini. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima, njia yote tope tupu, na viatu vya yule mzee vilikuwa vyeupe pee. Kapakata gongo jipya kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Karibu mzee wangu, shikamoo."

Mzee hakuitikia. Alinyoosha gongo.

"Litayarishe," alinong'ona. "Wewe mwenyewe. Asilishike mwingine."

Fundi akalipokea. Lilikuwa na vuguvugu, kana kwamba limetoka kwapani mwa mtu, na lilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Lakini mbao yake! Nyeupe, nyepesi, mistari imenyooka. Jamani, fundi ni fundi tu, akiona mbao nzuri akili inamhama.

"Leo nalipaka mafuta," alisema. "Likinywa vizuri, kesho jioni naanza kuligonga. Saa sita za nyundo, hazipungui. Vinginevyo mpira wa kwanza tu unalipasua."

"Paka nikiona."

Akafungua kopo la mafuta ya kitani, akachukua kitambaa chake. Kitambaa cha kazi hiyo hakitakiwi kipya, kitaacha nyuzi. Kinatakiwa kilichovaliwa kikafuliwa mpaka kikalainika. Chake alikuwa amekichana kutoka shati la zamani la binti yake la kuchezea.

"Cha nani hicho?"

Angejibu ni tambara tu, yangeishia hapo. Lakini nani atamzuia baba kujisifia mwanawe?

"Cha binti yangu. Wenzake wanamwita Ukuta, haangushwi yule. Jumamosi kwenye fainali ndiye anayeingia wa kwanza kupiga."

"Ndiye," mzee alinong'ona. "Ndiye huyo..."

Fundi alipoinua macho kutoka kwenye mafuta, mlangoni hapakuwa na mtu. Alitoka nje akaangalia. Tope lilikuwa laini, safi. Halikuwa na unyayo hata mmoja. Alijiambia macho yamezeeka, akafunga, akaenda kununua mkate.

Kesho yake, Alhamisi, jua likielekea kuzama, alikaa kwenye kigoda, gongo mapajani, nyundo ya mti mkononi. Akaanza. Gongo bichi lina sauti nzito, du, du, du, na kazi ya fundi ni kuligonga polepole mpaka mbao ishikane na sauti ibadilike. Aligonga uso wa gongo, upande unaopokea mpira, kwa mistari, juu kushuka chini. Ikapita saa nzima.

Simu ikalia. Mkewe.

"Baba Ukuta, rudi nyumbani. Mtoto anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Mimi sijui! Alikuwa anakunja nguo, mara akashtuka, anasema anapigwa. Na hakuna mtu! Mgongo wote una madoa mekundu, ya duara. Yamepangana mstari, kama mtu kayapima."

Fundi aliangalia gongo. Alama za nyundo, za duara, zimepangana mstari.

Akaivuta nyundo karibu.

"Mama Ukuta, weka simu karibu naye. Usiniulize."

Akagusa ukingo wa kushoto kwa nyundo. Hakupiga. Aligusa tu.

"Aaah! Mama! Ubavu!"

Nyundo ikamdondoka. Mungu wangu... saa nzima! Saa nzima amekaa hapo anapiga mluzi, anampiga mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Alilia mtu mzima yule, bila aibu.

Wazo la kwanza lilikuwa kulichoma. Akawasha kibiriti, akakisogeza.

"Mama... joto. Nani kawasha moto?"

Akakizima kwa vidole, vikaungua. Kuliosha? Mafuta yaliyopita kwenye shati la mwanawe yameshaingia kwenye mbao, na hayatoki tena, kila fundi anajua. Basi atalifungia kabatini, asiliguse tena mpaka kufa kwake.

"Nitalichukua Jumamosi."

Sauti ilitoka kwenye dirisha ambalo jioni hiyo alikuwa hajalifunga. Nguo nyeupe, na giza nyuma yake. Harufu ya udongo ikajaa chumba kizima.

"Limekwisha au halijakwisha, nalichukua. Na litachezewa."

"Nani kakutuma?" Fundi alisema kwa shida.

"Mtu anayetaka kuingia wa kwanza."

Dirisha likabaki tupu.

Fundi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Gongo ambalo halijaiva likikutana na mpira mpya hupasuka ukingoni, ufa ukaenda mpaka katikati. Kuliacha bichi ni kumuua mwanawe. Kuliivisha ni kumpiga kwa saa tano nyingine.

Alilifunga kwenye taulo, akalibeba kifuani, akaenda nyumbani akikwepa kila shimo. Akamweleza binti yake yote, hata la shati. Mama Ukuta alikaa chini, mikono kichwani. Ukuta akauliza swali la mchezaji.

"Limefika wapi, baba?"

"Uso, nusu. Kingo bado kabisa."

"Kwa hiyo likipigwa sasa litapasuka."

Fundi alizidi kulikumbatia lile taulo.

"Basi malizia."

"Siwezi, mwanangu. Usinitume hilo, siwezi."

"Baba, nisikilize. Ulianza bila kujua, sasa unajua. Malizia. Hakuna anayegonga taratibu kama wewe."

Fundi aliacha nyundo. Alitumia mpira mkuukuu aliouvika soksi, na pengine dole gumba tu. Ukuta alilala kifudifudi mkekani, kang'ata pindo la shuka, huku mama yake akimkanda kwa maji ya uvuguvugu. Usiku huo, na Ijumaa kutwa. Na wakati mwingine ni mtoto mwenyewe aliyemwelekeza.

"Hapo bado pabichi, baba. Rudia... Shuka chini kidogo... Ngoja. Ngoja kwanza nipumue."

Kila alipotaka kuacha, binti alimkatalia.

Ijumaa jioni sauti ikageuka. Tok. Kavu, safi. Ukuta aliinua kichwa.

"Hiyo haikuuma sana."

Jumamosi asubuhi waliamka wakakuta taulo mezani, limekunjwa vizuri. Gongo halipo. Mlango ulikuwa na komeo lake, na chumba kinanuka udongo.

Ukuta hakwenda kwenye fainali. Angewezaje, na kusimama tu ni shida? Nahodha alipiga simu kumpa pole, akasema mwenzake mmoja kajitolea kuingia mahali pake. Simu ikakatika kabla hajasema nani. Mama alimimina chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Ghafla bega la Ukuta likaruka.

Wote wakamtazama.

"Imeanza," alisema.

Likaja pigo la pili, zito, mpaka kiti kikasogea. Alifumba macho, akavuta pumzi polepole.

"Katikati ya gongo kabisa. Nne hiyo, mpira umevuka mpaka wa uwanja." Machozi yalimtoka. "Anapiga vizuri, baba. Mkono huu naujua. Nimecheza naye."

Fundi alishasimama, funguo mkononi. "Ni nani? Nitajie. Nitajie sasa hivi nikamtoe pale uwanjani!"

"Sikutajii. Ukimtisha atapiga kwa wasiwasi, mpira utagonga ukingo." Alijishika ubavu wa kushoto kwa mikono miwili. "Na anaweza kucheza miaka mingi, baba. Kaa chini."

Fundi akakaa.

"Muombee," Ukuta alisema. "Kila mpira. Muombee asikosee."

Na yule baba alifumba macho, akaanza kumwombea.