Safari ya Siri ya Mama Kodou

Mama yangu anaitwa Kodou Ngom. Anashona nguo kwenye karakana ya Hajati Penda, hapa Kaolack, Senegali. Mimi ni Mbagnick, natengeneza pikipiki. Shule niliacha mapema, kukaa kitako siwezi. Lakini habari hii naijua vizuri, maana ilituvuruga kichwa nyumba nzima.

Dada yangu Siga yuko Italia, kaolewa huko. Alikuwa na mimba ya mapacha. Siku moja akapiga simu analia.

"Mama, njoo. Nani ataniogeshea watoto?"

"Nakuja," mama akasema. "Lakini funga mdomo wako."

Kwetu ndivyo. Mtu akitaka kusafiri hasemi, anaogopa kijicho. Leo mnakunywa naye kahawa, kesho unasikia yuko Paris.

Mama akanigeukia. "Na wewe ukisema, nakukata ulimi."

"Hata Hajati Penda asijue?"

"Huyo ndiye hasa! Akijua yeye, soko zima limejua."

Basi tukahangaika kimyakimya. Nikawa nauliza gereji, kama vile namuulizia rafiki. Mmoja akasema ombeni viza ya Hispania, ni rahisi, nayo inakuingiza hata Italia. Mwingine akasema Ufaransa. Wa tatu akasema pasipoti tu inatosha, ukifika unaongea nao. Kila nikiuliza nazidi kupotea.

Mwisho tukaomba Italia. Mama akachukua pasipoti, mwaliko wa Siga na karatasi ya mshahara yenye namba ya simu ya karakana. Tukaenda ubalozini, Dakar. Wakamchukua alama za vidole. Akarudi anaimba.

Jibu likaja: amekataliwa. Eti sababu ya safari yake haiaminiki.

"Haiaminiki?" mama akapiga kelele. "Mwanangu ana watoto wawili tumboni! Nani kaniloga?"

"Hao wanachagua tu, kama bahati nasibu," nikasema. Sikuelewa kitu.

Kelele zikavuka ukuta. Jirani yetu, mjomba Yero, akaingia. Yeye hupiga gambusi, na kila mwaka anakwenda Ulaya na kikundi cha ngoma, anarudi. Ni wa kabila la Wapulaar, sisi Waserer, kwa hiyo ni mtani wetu.

"Mserer analia? Wali umeisha?"

"Nenda zako, mtumwa wangu," mama akasema. Lakini akamweleza yote.

Mjomba Yero akauliza, "Hajati Penda anajua unasafiri?"

"Hapana."

"Likizo umeomba?"

"Niombe likizo ili waniloge?"

Mjomba akashika kichwa. "Inuka. Twende karakana."

Tulipofika, mama akasema kwa sauti ndogo, "Hajati, nilitaka kwenda kwa Siga, Italia."

Hajati Penda akaacha mkasi. "Kumbe ni kweli! Kuna mtu alinipigia, anasema yuko ubalozini. Anauliza Kodou anasafiri lini, anarudi lini. Nikamwambia Kodou haendi popote, ana nguo za watu za Idi ya Tabaski hapa! Nikajua ni tapeli. Nikamkatia simu."

Mchawi hakuwepo. Tulijiloga wenyewe.

"Wale hawakujui, mtani," mjomba Yero akasema. "Wanataka kujua unaenda kwa nani, na kitu gani kitakurudisha. Kinachokurudisha ni kazi yako, na wewe unaificha!"

"Sasa nisubiri mwaka?"

"La. Unaweza kuomba tena. Ila ukipeleka yale yale, watakujibu yale yale. Hajati akuandikie barua: unafanya kazi kwake, kakupa likizo, unarudi lini. Siga aandike utalala wapi, aweke na nakala ya kibali chake cha kuishi huko. Weka karatasi za benki, na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Na bima."

"Bima ya nini? Mimi si mgonjwa."

"Ya safari. Ukivunjika mguu huko, nani atalipa? Iwe ya yuro elfu thelathini, na ifanye kazi nchi zote ambazo viza ile inakuingiza."

"Na Hispania je, wanasema ni rahisi?" nikauliza.

"Unaomba nchi utakayokaa siku nyingi kuliko kwingine. Mtoto yuko Italia, omba Italia. Huyo anayesema rahisi, yeye kafika wapi?"

Nikamkumbuka yule wa gereji. Hajafika hata Dakar.

Mjomba akafungua pasipoti ya mama. "Hii nzuri. Haijafikisha miaka kumi tangu itolewe. Kurasa mbili tupu zipo. Na itakuwa hai zaidi ya miezi mitatu baada ya wewe kutoka huko. Haya, peleka mapema. Wanapokea hata miezi sita kabla ya safari."

Hajati Penda akaandika barua, akaipiga muhuri. "Miezi miwili, Kodou. Usiporudi kabla ya Tabaski, nakufuata huko huko."

Safari hii ubalozi ulipopiga simu, Hajati alieleza mpaka wakamwambia inatosha. Viza ikatoka.

Siku ya kuondoka, mama alikuwa ameficha karatasi zake chini kabisa ya sanduku kubwa, chini ya nyama kavu. Mjomba Yero akazitoa zote.

"Karatasi weka kwenye mkoba, usiuachie. Viza inakufikisha mlangoni tu, pale polisi anaweza kukuuliza tena. Na nyama hawaruhusu, wala maziwa."

"Nyama yangu!"

"Tutakula sisi."

Mtaa mzima ukaja kumuaga. Mama akawapungia mkono.

Kesho yake simu ikalia. "Mbagnick! Polisi kaniuliza naenda kwa nani, narudi lini. Nikamwambia yote kwa Kifaransa changu kibovu. Nikamtolea karatasi. Mpaka nguo za Tabaski nimemwambia. Kacheka, kanipitisha!"

Nyuma yake nikasikia mtoto analia, kisha wa pili.

Mama alirudi kabla ya Tabaski. Hivi ninavyosema, cherehani yake inanguruma.

Mwakani nataka kwenda kuwaona wale mapacha. Bosi wangu wa gereji anajua. Mjomba Yero anajua. Na wewe sasa unajua.