Mapunye Katika Nyumba ya Kinyozi

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Mtoto wa mwisho wa kinyozi alikuwa kwenye kiti cha kunyolea. Utosini alikuwa na duara lisilo na nywele.

"Limetokea lingine," alisema dada yake mkubwa. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nyumbani walimwita Profesa, kwa sababu kila jambo aliliulizia sababu.

"Nyamaza," alisema kinyozi. "Wateja watasikia."

"Wateja bado wamelala, baba."

Kinyozi alikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi, kabla ya kufungua saluni, aliwanyoa kwanza wanawe wa kiume. Alisema mashine ikianza na vichwa vya nyumbani, siku inakuwa na baraka. Aliipuliza mashine, akaifuta kwa kitambaa, akainyunyizia manukato, kisha akanyoa. Wateja waliyapenda manukato hayo. Hakuna aliyeuliza yanaua nini.

Watoto wote watatu wa kiume walikuwa na mapunye. Bibi alisema ni jicho la majirani. Mama alisema ni sabuni mbaya. Kinyozi aliilaumu shule. Kila mmoja alikuwa na dawa yake pia. Bibi aliwapaka kitunguu saumu, mama aliwapaka mafuta, kinyozi aliwapaka krimu ya dukani. Watoto walinuka kama sufuria ya mchuzi, na maduara yakazidi kupanuka.

Wiki hiyo mwalimu wa baiolojia alikuwa ameliuliza darasa la Profesa: "Ungekuwa mtafiti, ungependa kuchunguza ugonjwa gani?" Wenzake walitaja saratani, kisukari na moyo. Profesa alisema, "Mapunye." Darasa lote likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia achunguze, kisha awaeleze wenzake Ijumaa inayofuata.

Kinyozi alipopata habari hiyo, alitua kikombe chake cha chai.

"Mapunye? Magonjwa yote haya yaliyojaa duniani, mwanangu! Chagua saratani. Chagua moyo. Chagua ugonjwa wenye heshima!"

"Saratani haimo humu ndani, baba. Mapunye yamo."

"Ndiyo maana sitaki yatajwe! Binti wa kinyozi asimame mbele ya watu kuhubiri mapunye? Nani ataniletea kichwa tena? Tutakula mashine?"

Hofu yake haikuwa ya bure. Saluni ndiyo iliyowalisha, na baadhi ya wateja walikuwa wameanza kuvuka barabara kwenda kwa kinyozi mwingine.

"Mwache aseme," alidakia bibi. "Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Mama, hapa hakuna anayekufa."

"Saluni yako je?"

Profesa alianza kwa kuangalia vichwa. Yeye na mama yake walisuka nywele, na hawakuwa na mapunye. Bibi alinyolewa kwa wembe wake mwenyewe. Hakuwa nayo. Baba alikuwa na kipara, hakuwa na cha kunyoa. Wote walionyolewa kwa mashine walikuwa nayo.

"Baba, nadhani ni mashine."

"Mashine yangu ni safi! Hebu inuse!"

Jumapili shangazi yao alikuja kuwasalimia. Alikuwa mdogo wake kinyozi, na alifanya kazi katika maabara ya zahanati. Alimsikiliza Profesa, kisha akaomba mashine, bisibisi na karatasi nyeupe. Alifungua meno ya mashine, akayagonga taratibu juu ya karatasi. Nywele zikadondoka.

"Kaka, humu ndani nani ana mvi?"

"Hizo ni za mteja wa jana."

"Na hizi zilizopakwa rangi nyekundu?"

Kinyozi alikohoa. "Huyo alikuja Alhamisi."

"Kwa hiyo wanao hawafungui siku. Wanafunga wiki. Vichwa vyote vya wiki nzima vinamalizikia kwao!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kinyozi aliinama kuitazama karatasi.

"Mapunye huletwa na kuvu," shangazi alieleza. "Ni jamii moja na ukungu unaoota kwenye mkate. Hupita kwa mashine, vitana, kofia na taulo, hata kwa vichwa kugusana. Watoto ndio huipata zaidi."

"Na manukato?"

"Kuvu haina pua, kaka. Umeiremba tu."

Jumatatu kinyozi aliwapeleka wanawe zahanati. Shangazi alikwangua magamba kichwani mwa mtoto wa mwisho, akayaweka chini ya hadubini, akamwita kaka yake achungulie.

"Naona nyuzi nyuzi," alisema kinyozi.

"Hao ndio wapangaji wako."

Daktari aliwaandikia watoto vidonge. "Krimu peke yake haitoshi," alisema. "Kuvu imeingia ndani ya unywele, mpaka kwenye shina. Watameza dawa kwa wiki kadhaa. Nywele zikianza kuota, msiache. Mtaacha tutakapowaambia."

Kinyozi alirudi saluni akabadili kazi yake. Baada ya kila kichwa alizima mashine, akafungua meno, akatoa nywele kwa brashi, akayaosha kwa sabuni. Kisha aliyaloweka katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, akayakausha. Kila mteja alipata taulo lake safi.

Alhamisi jioni alimwita binti yake.

"Kesho sema. Lakini sema pia kwamba sasa tunaosha."

Profesa alisema yote mawili. Safari hii darasa halikucheka. Wengi walikuwa wanashika vichwa vyao.

Jumamosi saluni ilijaa wateja, wengine wamekuja kunyolewa, wengine kuchungulia tu. Muuza nyama akaingia na mwanawe. Kisogoni mtoto alikuwa na duara.

"Huyu simnyoi," alisema kinyozi. "Mpeleke zahanati kwanza."

"Unakataa kichwa? Mimi nimewahi kukunyima nyama?"

"Ikiwa imeoza, utaniuzia?"

Muuza nyama alimshika mwanawe mkono, akavuka barabara kwa hasira. Kinyozi alimtazama mteja huyo mkubwa, baba wa wana wanne, akienda. Halafu mzee aliyekuwa kwenye benchi akasema, "Haya, nani anafuata? Mimi siondoki hapa." Wengine nao wakabaki.

Baada ya wiki kadhaa daktari aliwapima tena watoto wa kinyozi. Kuvu haikuonekana, na nywele zilikuwa zimeota. Kwenye foleni hiyo hiyo ya zahanati alikuwepo muuza nyama, na wanawe wote wanne.

Walipopona, aliwaleta saluni. Meno ya mashine yalikuwa yamelowekwa kwenye bakuli la dawa.

"Nina haraka," alisema muuza nyama.

"Muda wa dawa haujaisha."

Muuza nyama alilitazama bakuli, akamtazama kinyozi. Kisha akaketi kwenye benchi na wanawe, akasubiri.